Mwanaidi Aliyeambiwa Angoje

Bagamoyo, 3 Juni 1912

Dada yangu Swaumu,

Shikamoo. Ukiuliza hali yangu, mimi mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa masika kimepoa. Namwomba Mungu barua hii ikukute wewe na shemeji Hassani mkiwa wazima, na punda wake pia, maana najua punda wakiugua nyumba yote huugua. Habari za mama nimezipata kwa Mrangi mwenzetu aliyeshuka na nta kutoka Kondoa. Anasema mama sasa anatembea bila fimbo, na kwamba kila atokaye pwani humwuliza kama mimi nimenenepa. Ukipata mtu wa kwenda huko, mwambie nimenenepa. Si kweli, lakini mwambie.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Pamoja na barua hii utapokea kitabu nilichokinakili kwa mkono wangu. Ni Kisa cha Mwanaidi. Huko bara hamjakisikia, lakini hapa hakuna nyumba ya heshima isiyokuwa nacho. Bibi harusi husomewa, wafiwa husomewa, na nimeona kwa macho yangu nahodha mzima mwenye ndevu akilia mpaka akatolewa nje. Mtungaji hakutaja jina lake. Amejiita tu "mja aliyeachwa na huzuni". Nakala ya kwanza anayo mwalimu wangu Mwinyi Shomari, ambaye ndiye aliyenipa kazi ya kunakili, na chumba, na heshima niliyo nayo.

Bwana mmoja wa Kidachi ameahidi kukipiga chapa. Mwinyi Shomari anataka mbele ya kitabu pawekwe maneno ya wasomaji wa kila upande. "Sifa za pwani ninazo tele," aliniambia. "Wewe una dada Dodoma ajuaye kusoma. Niletee machozi ya bara, nami nitakupa Mishi."

Mishi ni binti yake. Sitakuficha dada, nampenda mpaka nasahau kuchovya kalamu. Kwa hiyo kisome kitabu mbele ya wanawake wenzako, kisha uniandikie walivyolia.

Mdogo wako mtiifu,
Abbasi


Dodoma, 11 Julai 1912

Abbasi mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima. Hassani amerudi kutoka Chamwino na ngozi chache na manung'uniko mengi. Kodi ya Wadachi imemkaa kooni. Punda mmoja amekufa, na ni kweli usemavyo, tulikaa matanga. Uwele umevunwa kidogo mwaka huu na visima vimeanza kushuka mapema. Mama nimemtumia salamu kwamba umenenepa. Amejibu kwamba hasadiki.

Kitabu kimefika. Umeandika vizuri, herufi zako zimesimama kama askari wa boma, nami nilijivuna nikawaonyesha wote. Tulikuwa tunakisoma alasiri uani kwangu, huku tukipepeta. Walikuwepo Yudith mfinyanzi na Anyesi jirani yangu. Anyesi ni Mgogo wa misheni. Yeye amebatizwa, ulimi wake bado. Mzee Matonya, anayetuuzia maji, alikuja kutua mizigo yake, akasikia, akakaa, asiondoke tena.

Abbasi, uliniomba machozi. Nimekosa hata tone.

Kwanza ile shingo. Kurasa ngapi mtungaji anasifu shingo ya Mwanaidi? Yudith alivumilia, kisha akasema, "Mimi nangoja nione kama hiyo shingo itabeba mtungi." Haikubeba. Tukaja kwenye safari ya kwenda Unyanyembe, yeye na mumewe na msafara. Wakafika nyika ya Marenga Makali, maji yakaisha, mguu wa Mwanaidi ukavimba. Mume akaja kwenye kisima akaambiwa alipie maji, akakataa kwa kuwa "muungwana halipi washenzi". Hapo wenzangu wakatazamana. Mwanaidi akasema, "Nenda bwana wangu, mimi nitakungoja hapa kisimani." Naye akaenda! Anyesi akauliza, "Wapagazi wamebeba nini?" Nikasoma: pembe za ndovu. Akasema, "Basi pembe hubebwa, mke habebwi."

Mzee Matonya alikuwa na swali moja tu, na hakuliacha. "Kisima cha nani?" Nikamwambia haikuandikwa. "Soma vizuri. Nchi hii haina kisima kisicho na mwenyewe. Mtu amekichimba, mtu anakilinda. Jina lake nani?" Nilipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo humo ndani sisi hatumo. Kutoka pwani mpaka Unyanyembe hakuna mtu, ila mchanga na Mwarabu anayelia."

Nikamwambia si Mwarabu. Akasema, "Analia sana."

Nawe unajua mwisho wake: mume anarudi baada ya mwaka, anamkuta mkewe palepale, amekufa akitabasamu, uso umeelekea njiani, mwili haukuguswa. Yudith akauliza kama mwaka ule fisi wa Ugogo walikuwa wamefunga Ramadhani.

Basi Anyesi akainuka. Alisema watu wa pwani ni watani wao tangu zama za misafara, na maiti wa mtani ana haki ya kuchekwa. Akakaa juu ya kinu, akanyoosha shingo, akakunja mikono mapajani, akalegeza macho: "Nitangoja, bwana wangu, nitangoja." Kisha akaruka upande wa pili akajijibu mwenyewe, "Inuka wewe mwanamke! Umekaa mpaka umeota mizizi! Inuka ukanywe maji, umtafute huyo bahili wako umdai talaka!" Tulicheka mpaka uwele ukamwagika.

Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikakasirika. Mwanzoni Mwanaidi ni mtu wa maana, anajua kujibu. Mtungaji alipomfikisha kisimani akamfunga mdomo, na watu wote wa pwani wakampigia makofi. Mwambie hivyo mwalimu wako, au usimwambie, kwa ajili ya huyo Mishi.

Asubuhi yake niliukuta mtungi wangu mkavu, ingawa jioni nilikuwa nimeujaza. Yudith naye hivyo hivyo, na Anyesi. Tumemshuku Matonya kwamba huyarudia maji yake usiku; yeye anasema mitungi inavuja, nayo kafinyanga Yudith, na sasa hawasemezani.

Dada yako,
Swaumu


Bagamoyo, 9 Agosti 1912

Dada Swaumu,

Shikamoo, na heri ya mwezi mtukufu unaokaribia. Mimi mzima. Poleni kwa punda. Hapa kumekuwa na joto lisilo la kawaida, na embe za mwaka huu zinasemekana zitawahi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Dada, watu wazima na akili zao wamekiheshimu kisa hiki tangu kabla ya Wadachi kuja, nanyi mmekipepeta pamoja na uwele. Sikuweza kumpa Mwinyi Shomari. Nilimwandikia barua nyingine kwa jina lako, nikasema wanawake wa Dodoma walilia mpaka majivu ya jiko yakalowa. Nisamehe, nilikuwa naiwazia harusi.

Aliisoma akafurahi. Halafu akaniuliza jambo ambalo silielewi. "Hakuna mtu huko aliyesema mambo hayakuwa hivyo?" Nikasema hakuna. Akauliza tena, "Hata mzee mmoja?" Nikasema hakuna, na jasho lilikuwa linamtoka puani.

Lakini Mishi nilimsomea barua yako ya kweli, nyuma ya pazia, mamake mdogo akiwa ameketi nasi. Alicheka huku amejaza kanga mdomoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alisema katika nyumba ile tangu azaliwe hakuna mtu aliyethubutu kumwambia Mwanaidi ainuke.

Nakuomba uniandikie barua ndogo ya adabu ninayoweza kuionyesha. Na tafadhali usiulize ulize watu wa huko habari za kisa hiki. Ni hadithi tu.

Mdogo wako,
Abbasi


Dodoma, 17 Septemba 1912

Abbasi,

Idi imekwisha, tumekula, tumshukuru Mungu. Hassani anakusalimu. Mama amekuletea mkoba wa asali ambao utaukuta hapa ukija, na nataka uje. Soma mpaka mwisho ndipo uelewe kwa nini.

Katikati ya Ramadhani, adhuhuri, jua linapochoma hata mbwa hawatembei, nilisikia hodi. Hodi ya kwenu, ya taratibu: "Hodi wenyewe, hodi nyumba njema." Nilikuwa peke yangu. Mlangoni alisimama mwanamke aliyevaa bafta iliyopauka, ya mtindo wa mabibi wa zamani. Mguu mmoja ulikuwa umevimba mpaka gotini. Akaomba maji. Nilidhani ni msafiri, na msafiri ana ruhusa, nikampa kata. Akanywa, nikampa nyingine, akanywa, na nyingine. Abbasi, koo lake halikusogea. Maji yaliingia mdomoni, hayakumwagika, na koo halikusogea. Aliumaliza mtungi, akanishukuru kwa maneno mazuri, akauliza, "Bwana wangu amekwisha kupita?"

Nikamwuliza bwana wake ni nani. Akanitajia jina. Silitii hapa wino. Wewe unalijua.

Na mimi, ulimi wangu huu, kwa kuwa ni mgeni na kaniuliza kwa adabu, nikasema, "Mtu wa jina hilo nasikia yuko Bagamoyo." Akatabasamu. Hapo ndipo nilipomjua, maana lilikuwa tabasamu la kitabuni, nililolisoma mimi mwenyewe kwa sauti. Akageuka akaenda. Nilipotoka nje nikaona nyayo zake, mmoja mzima na mmoja umeburutwa. Zilikwenda hadi kwenye njia ya reli, zikaifuata kuelekea mawio.

Tangu siku hiyo mitungi yetu haikauki tena. Alikuwa ananywa kwa wale tu waliomcheka, mimi na Yudith na Anyesi, na sasa amekwenda.

Nilimwendea Mzee Matonya. Hakushangaa. Kile kisima kilikuwa cha baba yake. Yeye alikuwa kijana, anakilinda. Anasema mwanamke alikuwepo kweli. Walimpelekea maji kwa kibuyu, bure, akayakataa, maana mumewe alimwambia asipokee kitu kwa washenzi, angoje tu. Siku ya nne alikufa. Wakamzika wao. Mwili haukungoja mtu mwaka mzima. Hayo ni ya mtungaji. Lakini msafara mwingine wenye bunduki ulikuwa karibu, wakaogopa kuonekana wanamchezea maiti wa pwani, wakamzika kimya kimya bila utani. "Hilo ndilo kosa letu," akasema. "Mtu asiyechekwa na watani wake hajui kama amekufa. Huendelea na alilokuwa nalo."

Abbasi, yule alikuwa na kungoja. Nyinyi mkamsifu kwa kungoja, na kila chozi lenu likamkandamiza chini. Sisi tukamcheka, akainuka. Sasa anakuja huko, na mimi ndiye niliyemwelekeza.

Niambie jambo moja tu: nani aliyetunga kitabu? Ukishindwa kuniambia, basi toka katika nyumba hiyo uje.

Dada yako,
Swaumu


Bagamoyo, 20 Oktoba 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Tu wazima. Mwambie mama asali aiweke. Nilikawia kujibu kwa sababu ya kazi. Mwinyi Shomari amenitaka nimalize nakala zote, kisha akazichukua akazifungia sandukuni, na habari ya chapa haizungumzwi tena.

Swali lako nimelisoma. Usiniulize, dada. Mtu akikulisha na kukuvika, kuna milango katika nyumba yake ambayo huifungui.

Wafanyakazi wa reli wanaofika Bagamoyo wanaleta maneno ya ajabu. Wanasema matangi ya kutilia maji injini yanakaushwa mchana kweupe. Kwanza ilikuwa Gulwe, baadaye Kilosa, na juma lililopita Morogoro. Bwana wa stesheni alimchapa mlinzi viboko, na kesho yake tangi likakauka tena. Mwinyi Shomari huwaita watu hao barazani, huwapa kahawa, na huwauliza neno moja: "Wapi sasa?" Amekifunika kisima cha uani kwa mbao, na mitungi ameiamuru imwagwe. Tunanunua maji ya kunywa kwa jirani, kidogo kidogo.

Harusi ameiharakisha. Ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Nilidhani ningefurahi kuliko hivi. Mishi ananiambia, "Baba hajawahi kunitazama usoni, na sasa ananitazama kama mtu anayepima nguo." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Sisi ni watoto wake.

Mdogo wako,
Abbasi


Dodoma, 4 Novemba 1912

Abbasi,

Wazima. Salamu za wengine baadaye.

Barua yako imechelewa na hii itachelewa, kwa hiyo naandika upesi. Harusi iwe njema. Sasa umekwisha oa, mchukue mkeo mtoke. Mkwe wako hakukupa binti. Ametafuta watu wa kuwaacha nyuma.

Kama hukupata nafasi ya kutoka, na yule mwanamke akafika, shika neno hili. Matonya amenieleza. Utani wa msibani una sehemu mbili. Unamcheka marehemu mpaka ainuke, kisha unamcheka mpaka alale. Anatugombeza hata leo: "Nyinyi mlimwinua, mkaenda kupika." Kwa hiyo usimhurumie. Usimwambie shingo yake nzuri. Mwambie kwa kicheko kwamba bwana wake hakurudi na hatarudi, kwamba yeye mwenyewe amekwisha zikwa, na Wagogo ndio waliomzika, tena vizuri. Mishi ajaribu, Mishi anajua kucheka.

Na jambo lolote litakalotokea, kwa ajili ya mama, usimwambie angoje.

Swaumu


Bagamoyo, 23 Novemba 1912

Kwa dada mpendwa, mwenye fadhila, Swaumu,

Salamu zenye utulivu zikufikie. Sisi hatujambo, na hatuna haja ya kitu. Barua yako imefika. Ipo hapa juu ya mbao za kisima. Sijaifungua, kwa kuwa sina haraka nayo.

Tuliozwa Ijumaa, watu wakala, wakaondoka. Siku ya saba ya fungate Mwinyi Shomari alituita uani, mimi na Mishi. Alikuwa amevaa kanzu ya safari. Akasema anavuka Unguja mara moja, atarudi, nasi tumngoje hapa kando ya kisima, tusitoke. "Akija mgeni," akasema, "mwambieni bwana yuko njiani." Mishi alimshika kanzu. Aliitoa mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda. Sasa nakujibu swali lako, ingawa halina uzito tena: ndiye aliyekitunga kitabu, tena ndiye bwana mwenyewe.

Mgeni alifika alasiri ya siku iliyofuata. Hodi yake ni nzuri, kama ulivyoandika. Aliuliza kama bwana wake yupo. Nami nilijibu kama nilivyoagizwa, kwamba yuko njiani, angoje. Uso wake uling'aa, dada. Akakaa baina yetu.

Nataka niwatoe makosa nyinyi wa Dodoma. Mlisema kungoja ni ujinga kwa kuwa hamjakaa nako. Siku ya kwanza kuna kiu. Siku ya pili kuna kiu. Baadaye mtu anakuwa mwepesi, na njia inapendeza kutazamwa. Juzi Mishi alianza kucheka, sijui alikumbuka nini. Mwanaidi akamshika mkono, naye akaacha. Majirani wanapita, wanatuona, wanatusifu. Mmoja alilia. Nilifurahi alipolia, nikahisi nimekaa vizuri zaidi.

Karatasi hii nampa muuza samaki aitie posta. Msalimie mama. Mwambie hatukukosa subira.

Wako katika kungoja,
Abbasi


Dodoma, 6 Desemba 1912

Abbasi, mpumbavu mwenye masikio ya punda,

Salamu huzipati. Salamu ni za watu wanaokunywa maji.

Nimeisoma barua yako uani, mbele ya watu, kwa sauti, kama kitabu. Nilidhani nitalia. Anyesi akaninyang'anya, akasema nikilia nimekuua. Kwa hiyo tumekucheka. Yudith anasema mtu aliyeshindwa kunenepa miaka yote hawezi kusifiwa kwa kukonda. Nami nimesema hadithi yako ni mbovu kuliko ya mkweo. Yeye angalau aliweka fisi wasiokula, wewe umeweka muuza samaki. "Wako katika kungoja"! Nani alikufundisha kufunga barua hivyo? Baba angekuchapa.

Nimemfundisha Anyesi unavyotembea, mguu wa kushoto ukitupwa nje kama unafukuza kuku, na unavyolala mdomo wazi, na ulivyolia mbuzi wa mama alipochinjwa, ukala nyama yake huku unalia. Anakuiga mpaka Hassani amekimbia nje. Anyesi hajakuona maishani mwake na anakujua kuliko huyo aliyeketi karibu yako. Na huyo naye tuna maneno yake. Mzee Matonya anakuja kummalizia haki yake. Amesema ana deni la kicheko tangu ujana wake, na kwamba akimwona atamwuliza kwa nini alikataa kibuyu. Hajawahi kupanda gari moshi. Amenyoa.

Mvua imeanza hapa, na Wagogo wote wako mashambani, ila hawa wawili wanaofuatana nami, Matonya na Anyesi. Barua hii nitaitia posta nikiwa stesheni na huenda tukasafiri nayo behewa moja, lakini nimeiandika, kwa sababu mikono imekataa kukaa bure. Naogopa, Abbasi. Nakuambia waziwazi naogopa, na nikifika hutaliona hilo usoni kwangu.

Jana karani wa stesheni alitukatia tikiti tatu. Nikamwambia anikatie na za kurudi, tano. Akasema za kurudi hukatwa hukohuko, tena sisi tuko watatu. Nikamwambia akate tano. Akacheka, akasema mama huyu ana kichwa kigumu, kisha akanitazama, akakata.

Dada yako,
Swaumu